Chombo gani cha maji ununue kwanza ukiwa Mombasa

Mtaani kwetu Majengo, mtungi wa lita 20 nimeununua kwa shilingi 20 na nimeununua kwa shilingi 50, kwa kijana yule yule na mkokoteni ule ule. Siku ya shilingi 20 mifereji ilikuwa inatoka. Siku ya shilingi 50 ilikuwa imekauka siku ya nne, na ndani kwangu hamkuwa na tone la akiba.

"Kaka, mbona leo ghali hivi?" nikamuuliza.

"Mama, mimi mwenyewe nimepanga foleni tangu alfajiri."

Sikuweza kumlaumu. Kabla ya kukauka, maji yalikuwa yametoka wiki nzima na mimi nimekaa na ndoo mbili. Tangu hapo nimenunua vyombo vya kila aina, vingine nikavijutia, na hapa nitavipanga kuanzia kile ambacho ningekinunua kwanza kama ningeanza upya leo.

Ukijua maji yetu yanatoka wapi hutashangaa yakikatika. Mombasa tunategemea vyanzo vilivyo nje ya kaunti. Kuna chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake husafiri zaidi ya kilomita 200 hadi kufika pwani. Kuna visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, kule Kilifi. Kuna Marere katika milima ya Shimba na visima vya Tiwi, vyote Kwale. Maji ya Mzima huteremka yenyewe, lakini ya Baricho husukumwa kwa pampu za umeme. Kwa hiyo bomba likipasuka porini, mto ukifurika, au umeme ukikatika, sisi tulio mwisho wa bomba hubaki na mfereji unaopuliza hewa.

Waliotutangulia waliyajua haya. Ndani ya Fort Jesus kuna kisima kirefu ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kuoshea tu, na kuna birika la kukingia mvua. Ngome hiyo ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ukienda kutembea pale na watoto, kabla ya mizinga waonyeshe birika.

Hesabu kwanza, dukani baadaye

Katika dharura, kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kuoga kwa kubana na kufua kidogo. Mimi huhesabu 20, kwa sababu joto letu si la mchezo na choo nacho kinataka maji. Watu sita kwa lita 20 ni lita 120, yaani mitungi sita kwa siku. Wiki moja ni lita 840. Hiyo ndiyo shabaha ya familia ya watu sita, lakini si lazima uifikie kwa siku moja, na si lazima yote yawe maji matamu. Ukitenga maji ya chumvi ya kisima kwa choo na kupiga deki, akiba ya maji matamu inayohitajika inapungua sana.

Jambo la pili wauzaji hawalitaji kabisa: mdomo wa chombo ni muhimu kuliko ukubwa wake. Chombo kilicho wazi kinaingiza mikono, kata, vumbi na mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hapendi mitaro michafu. Anataka maji safi yaliyotulia, na hayo ndiyo tunayomwekea ndani ya mapipa yetu. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Mombasa tulipata mlipuko wa dengi 2013 hadi 2014, ikarudi 2021, na chikungunya ikatupiga mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Waliougua wanayakumbuka yale maumivu ya viungo. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri ujaze tena. Ndiyo maana kumwaga maji pekee hakusaidii. Lazima usugue kuta kwa brashi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi kwenye joto kama letu, basi ukisugua mara moja kwa wiki unamkatiza njiani.

Kwa hiyo cheo changu cha kila chombo kinaanzia kwenye kifuniko.

Nafasi ya kwanza: mitungi ya lita 20

Najua wengi walitegemea nitaje tangi. Lakini wengi wetu ni wapangaji, tunakaa ghorofani au katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, na mwenye nyumba hatakuruhusu uweke tangi uani. Mtungi unahama nawe. Mtungi uliojaa una kilo 20, mtu mzima anaupandisha ngazi. Mdomo wake ni mwembamba, mtoto hawezi kuingiza mkono, mbu akikuta umefungwa hana pa kupita. Mmoja ukichafuka hujapoteza akiba yote. Ukijaza kumi na kuipanga chini ya kitanda na nyuma ya mlango, una lita 200 na hakuna aliyejua.

Nunua ile iliyobeba mafuta ya kupikia. Harufu ya mafuta huondoka kwa maji moto, sabuni na mchanga kidogo wa kutikisa ndani, ukirudia mara tatu. Usinunue uliobeba petroli, rangi au dawa za mashamba, hata ukipewa bure. Vua kifuniko, pua iingie kabisa mdomoni mwa mtungi, vuta pumzi. Kisha uweke maji kidogo, ufunge, uupindue juu chini, uangalie kama unavuja kwenye hesi za mdomo. Kagua na kitako, maana mitungi ya mkokoteni huburutwa na hutoboka pale. Nunua vifuniko vya ziada siku hiyo hiyo. Vifuniko hupotea kabla ya mitungi, na mtungi uliozibwa kwa karatasi ya nailoni si mtungi uliofungwa.

Kasoro yake ni kuosha ndani, mkono haufiki. Mchanga au kokoto ndogo safi pamoja na sabuni, ukitikisa kwa nguvu, hufanya kazi hiyo. Mitungi myeupe inayopitisha mwanga huota rangi ya kijani ikiwekwa mahali pa jua, basi iweke gizani.

Nafasi ya pili: tangi jeusi la plastiki, lita 500 hadi 1,000

Kama una nyumba yako, au mwenye nyumba ni mtu wa kuelewana, hili lipande hadi nafasi ya kwanza. Linajaa lenyewe usiku mfereji unapotoka saa nane na wewe umelala, ukiliwekea boya la kufunga maji. Weusi wake huzuia mwanga, kwa hiyo kijani hakioti.

Nakusihi usilikimbilie kabla ya kuangalia pa kuliweka. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Nimeona watu Mji wa Kale wakipandisha matangi juu ya nyumba za mawe ya matumbawe na boriti, nyumba zilizojengwa kabla ya babu zetu, na moyo ukanidunda. Usiweke tangi juu ya dari au roshani bila fundi wa ujenzi kukagua kinacholibeba. Chini uani ni salama zaidi: jukwaa la saruji lililosawazishwa, kitako chote cha tangi kikae juu yake. Tangi lililokaa juu ya matofali manne ya pembeni hupasuka chini, na udhamini wa kiwandani mara nyingi haufidii kosa hilo. Tangi tupu nalo lifunge kwa kamba. Kusi ikivuma hulisukuma.

Dukani fungua kifuniko, ingiza kichwa, mwambie mtu asimame nje upande wenye jua. Ukiona mwanga unapenya ukutani, plastiki ni nyembamba. Tundu la maji yanayofurika lizibwe kwa wavu mdogo wa madirisha. Ukisahau tundu hilo, kifuniko hakina maana.

Nafasi ya tatu: pipa la plastiki la lita 200 na kitu

Hili ndilo nililolijutia, na kosa lilikuwa langu na la muuzaji. Nilinunua pipa la buluu lililotumika, nikaambiwa lilibeba juisi. Baada ya siku mbili maji yakanuka kama sabuni ya marashi. Nililiosha mwezi mzima. Sasa linabeba maji ya choo.

Mapipa mengi mtaani kwetu yametokea viwandani na bandarini, na plastiki hufyonza kile ilichobeba. Ile alama ya pembetatu yenye tarakimu 2 inakuambia ni plastiki ya aina gani. Haikuambii ilibeba nini. Tafuta lebo ya zamani. Kama imebanduliwa na muuzaji anababaika, pipa hilo ni la kufulia au choo, na ulipe bei ya choo.

Ukipata safi, lenye kifuniko cha kubana kwa pete ya chuma, ni chombo kizuri cha bei ya wastani. Mwambie fundi bomba akutobolee koki karibu na chini, uliweke juu ya matofali yaliyopangwa sawa, mtungi uweze kuingia chini ya koki. Pipa lenye koki na kifuniko ni salama kuliko tangi kubwa linalochotwa kwa kata.

Nafasi ya nne: yale matangi ya mraba ndani ya kizimba cha chuma

Lita 1,000 kwa bei ambayo mara nyingi iko chini ya tangi jipya, na yana koki tayari. Kwa hiyo yanatamanisha. Yanaletwa yakiwa na kemikali au mafuta, na ninayoonya kuhusu pipa yanahusu hili mara tano. Tena ni meupe, yanapitisha mwanga, lazima uyafunike kwa turubai au kuyapaka rangi nyeusi. Kwa bustani, kufua na choo, sawa. Kwa kunywa, kama hujaona kwa macho yako kilichokuwemo, acha.

Birika la chini ya ardhi

Sijalipa nafasi kwa sababu si kitu cha kununua dukani, ni ujenzi. Lakini kama unajenga Kisauni, Likoni au Mtwapa, lifikirie kabla ya msingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 40 ya usiku mmoja wa Mei, ni lita 1,200, ukitoa zinazomwagika. Acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kukinga. Lijenge mbali na shimo la choo, maana jiwe letu la matumbawe hupitisha maji machafu haraka, na lisakafiwe vizuri pande zote. Paa la makuti halifai. Maji yake hutoka na rangi ya chai.

Usinunue kabisa

Pipa la chuma, ambalo kutu na hewa ya bahari vitalimaliza. Ndoo zisizo na vifuniko. Beseni kubwa la kuoshea, ambalo ni la kufulia na litabaki la kufulia.

Na mtungi wa udongo? Wa bibi yangu ulikaa pembeni mwa ukumbi na kata ya kifuu juu yake, na maji yake yalikuwa baridi kuliko ya friji. Ununue kwa ajili ya kupoza maji ya kunywa ya siku hiyo, si kwa akiba. Uwe na kifuniko, na umimine kwa kuinamisha badala ya kuchota.

Fungu dogo la pesa

Ukiwa na pesa kidogo leo, nunua mitungi miwili na vifuniko vinne. Mwezi ujao miwili tena. Nunua pia chupa ya dawa ya maji ya klorini, uifuate kama maelezo yake yanavyosema, na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji ya kisima kunywa bila kutibu ni hatari, na kumbuka wala dawa wala kuchemsha havitoi chumvi. Sabuni isipotoa povu, huenda maji hayo yana chumvi nyingi, ni ya choo.

Iandike mitungi kwa rangi na brashi ndogo, herufi kubwa ubavuni: M kwa matamu, C kwa chumvi. Andika na tarehe uliyojaza kwa chaki. Ya zamani itumike kwanza, na mtungi uliotumika ujazwe siku hiyo hiyo mfereji ukiwa bado unatoka.