Lebo ya dagaa: Amatic SC au Pacifico?

Rafiki yangu anayefungasha dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, aliniomba nimchagulie fonti, yaani mtindo wa herufi, ya lebo. Tulibaki na mbili, zote za bure kwenye Google Fonts, maktaba ya fonti mtandaoni, na zote kazi ya Vernon Adams, mchoraji herufi kutoka Uingereza.

Amatic SC ni nyembamba na ndefu, inayumba kidogo kama mwandiko wa mtu aliyeshika kalamu bila rula. Wembamba huo ndio ninaoupenda, maana maneno yetu ni marefu. "Dagaa waliokaangwa wa Ziwa Victoria" inaenea mstari mmoja kwenye pakiti ndogo, na bado inasomeka. Haina herufi ndogo za kawaida. Ukiziandika unapata kubwa zilizopunguzwa kimo. Basi iwe ya kichwa tu. Viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi viandikwe kwa fonti tulivu, mnunuzi asikodoe macho. Tena chukua Amatic ile nene, kwa sababu mistari ya ile ya kawaida ni myembamba mno kwa printa ya mtaani.

Pacifico ni ya mviringo na imejaa, herufi zimeshikana kama brashi haikuinuliwa. Ubavuni mwa mtumbwi ingependeza mno! Lakini inakula nafasi, na ukiiandika kwa herufi kubwa tupu inavurugika.

Kwenye lebo tumeweka Amatic. Jina la duka lina herufi tano tu, kwa hiyo bango la mlangoni tumelipa Pacifico.