Darasa la Kijerumani la jioni, Milimani, Kisumu

Mimi ni muuguzi na Kijerumani nakisoma kwa ajili ya kazi. Madarasa mawili ya awali yalinikaririsha majedwali tu. Hapa mwalimu aliandika ubaoni "krank", kivumishi chenye maana ya -gonjwa, akanigeukia: "Dada, aliyelala kitandani wodini unamwitaje?" Mgonjwa, nikajibu. "Basi Mjerumani naye hufanya vivyo hivyo."

Pazia likafunguka. Kivumishi kinageuzwa nomino, kinapewa herufi kubwa, lakini mwisho wake unaendelea kubadilika kama wa kivumishi. Der Kranke ni mgonjwa wa kiume, die Kranke wa kike. Ukianza na ein, yaani "fulani", badala ya der, yule wa kiume anakuwa ein Kranker. Wakiwa wengi, die Kranken. Hata Mjerumani mwenyewe yumo: der Deutsche, lakini ein Deutscher. Mkenya hana usumbufu huo. Ni Kenianer, uanze na der au ein.

Tukaongeza etwas Gutes, kitu kizuri, na nichts Neues, hakuna jipya. Nilizirudia kwa sauti ya chini ndani ya matatu mpaka Kondele.

Kinachoniudhi ni kwamba hawatoi maandishi yoyote. Unanakili ubaoni, na taa ya nyuma ni hafifu. Wiki jana niliandika n penye r, na kwenye somo hili herufi hiyo moja ndiyo kila kitu. Wachape karatasi, hata moja kwa wiki.

Mwezi ujao nimeshalipia. Nitafika mapema nipate dawati la mbele.