Federal Signal 2001-130: tathmini ya king'ora cha nje, pamoja na vile vya zamani vilivyo jirani yake

King'ora cha 2001-130, kinachotengenezwa na kampuni ya Federal Signal ya Marekani, ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza miongoni mwa ving'ora vya tahadhari vinavyofungwa nje siku hizi. Ninasema hivyo nikikipima dhidi ya vile vya zamani ambavyo bado vimesimama juu ya mapaa na nguzo katika miji mingi. Kifaa cha namna hii hakipimwi kwa kusoma karatasi ya muuzaji peke yake. Lazima mtu aende hadi kwenye nguzo, atazame kilichofungwa juu na kilichofungwa chini, kisha siku ya majaribio asimame mbali na kusikiliza jinsi mlio unavyomfikia.

Kukitambua hakuna ugumu. Juu ya nguzo pana parapanda moja kubwa yenye mdomo wa pembe nne, nyuma yake kuna mota, na chini yake kuna mtambo unaoizungusha parapanda nzima polepole ili sauti ipite pande zote za mji. Ukiufuata kwa macho ule mfereji wa nyaya unaoshuka na nguzo, utafika kwenye makabati ya chuma. Humo mna betri nne za volti 12 zilizounganishwa mfululizo ili kutoa volti 48, na umeme wa mtaani huwa na kazi ya kuzichaji. Mimi huanza kutazama makabati hayo kabla ya parapanda, kwa sababu dhoruba kali aghalabu huangusha nyaya za umeme kabla watu hawajaonywa. Ving'ora vingi vya kizazi kilichotangulia vilitegemea umeme wa mtaani moja kwa moja, kwa hiyo umeme ulipokatika navyo vilinyamaza saa ileile vilipohitajika.

Sauti yenyewe haitoki kwenye spika. Ndani ya king'ora cha mota mna gurudumu lenye matundu linalozunguka kwa kasi ndani ya ganda lenye matundu pia. Hewa inakatwa na kuachiliwa mamia ya mara kwa sekunde, na idadi hiyo ya mikato ndiyo inayoamua wembamba au uzito wa mlio. Chukua king'ora cha E57 cha Ujerumani, ambacho bado kinaonekana juu ya mapaa mengi kikiwa na kofia yake ya bati: gurudumu lenye matundu 9 likizunguka mara 2,800 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 420, yaani mikato 420 kwa sekunde. Kwa kuwa mota haiwezi kufikia kasi yake papo hapo, mlio huanza chini, ukapanda, na umeme ukizimwa hushuka taratibu hadi kuisha. Huko kupanda na kushuka ndiko ambako sikio la binadamu hulitambua hata kabla akili haijajiuliza ni kitu gani.

Aina nyingi za zamani zilikuwa na matundu ya idadi mbili tofauti, kwa mfano 10 upande mmoja na 12 upande wa pili, hivyo zilitoa milio miwili kwa pamoja yenye uwiano wa tano kwa sita. Mlio huo una huzuni fulani, na ni rahisi kuutofautisha na honi za magari na kelele za viwandani. 2001-130 hutoa mlio mmoja tu. Hapa ninakubali kwamba vya zamani vilikuwa na kitu ambacho hiki hakina, ingawa mlio mmoja uliokusanywa katika parapanda moja una faida ya kusafiri mbali ukiwa bado mzito.

Umbali wenyewe unaweza kukadiriwa. Mtengenezaji anataja desibeli 130, yaani kipimo cha ukali wa sauti, katika umbali wa mita 30. Kanuni ya kawaida ya wapangaji wa mifumo hii ni kwamba kila umbali unapoongezeka mara mbili, desibeli 10 hupotea: mita 60 zinakupa 120, mita 120 zinakupa 110, na ukiendelea hivyo utafika desibeli 70 katika umbali wa karibu kilomita mbili. Hiyo ni hesabu ya mahali palipo wazi. Majengo marefu, upepo na miti mikubwa hupunguza, na aliye ndani ya nyumba yenye madirisha yaliyofungwa hakukusudiwa kabisa, maana ving'ora hivi vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje. Mji unaowaambia wakazi wake kwamba king'ora kitawaamsha usingizini unawaahidi jambo ambalo kifaa hakikuundwa kulifanya.

Kinachonipendeza zaidi ni namna mzunguko unavyobadilisha usikivu. Ukisimama kilomita moja kutoka kwenye nguzo, mlio hauji kama ukuta mmoja wa kelele. Hukua parapanda inapokuelekea, ukafifia inapokupa mgongo, kisha ukarudi. Sauti inayobadilika hivyo humfanya mtu ainue kichwa, ilhali mlio usiobadilika huzoeleka haraka na kumezwa na mvumo wa magari. Hata hivyo mzunguko huo una gharama zake. Mtambo wa kuzungusha ni kipande kingine cha kutia grisi na kukagua, na ukikwama, upande mmoja wa mtaa unapata sauti yote huku mwingine ukipata masalio. Tena, msikilizaji aliye mbali anaweza kudhani mlio wa moja kwa moja ni ule wa kupanda na kushuka, na katika miji ambako milio hiyo miwili ina maana tofauti, huko si kukosea kudogo.

Miongoni mwa vya zamani, hakuna ninachokiheshimu kuliko Thunderbolt, kilichotolewa na kampuni hiyohiyo tangu miaka ya 1950 mwanzoni, wakati wa Vita Baridi. Chini ya nguzo, au juu ya paa, kulikuwa na sanduku kubwa lenye mtambo wa kupuliza hewa. Hewa hiyo ilipanda kwa bomba nene hadi kwenye gurudumu lenye matundu, na kutoka hapo ikaingia katika parapanda ndefu inayozunguka. Bomba hilo ndilo la kulitafuta, kwani hata pale ambapo sanduku limeshaondolewa, mara nyingi kipande chake bado kinaning'inia. Mlio wa Thunderbolt ni mkavu na wenye amri, na kwa masikio yangu 2001-130 haijaufikia kwa uzuri. Lakini kilihitaji mota ya kupuliza, mota ya kukata hewa na mota ya kuzungusha, zote zikiwa nzima kwa wakati mmoja, na fundi anayezifahamu zote tatu hapatikani kila mahali.

Kampuni ya magari ya Chrysler ilikwenda mbali zaidi. King'ora chake cha mwaka 1952 kiliendeshwa na injini ya petroli ya silinda nane yenye nguvu-farasi 180, kikafikia desibeli 138 katika umbali wa mita 30. Kwa ukali wa sauti kimebaki katika daraja la peke yake. Ila injini inayokaa miezi bila kuwashwa juu ya paa, na mafuta yake yakichakaa ndani ya tangi, si kitu ambacho mji unaweza kukitegemea.

Vingi vya zamani vimeachwa pale vilipo kwa sababu kuvishusha kuna gharama. Los Angeles ilikuwa ikivijaribu ving'ora vyake Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi saa 4 asubuhi hadi mwaka 1985, na baada ya hapo nguzo nyingi zikabaki zimesimama na vichwa vyake. Anayetaka kujua kama king'ora ni kizima au ni gamba tu atazame nyaya kama zimekatwa, kabati kama lina kufuli jipya, na juu ya yote antena. Antena ndogo iliyofungwa karibu na kabati maana yake ni kwamba kifaa kinangoja amri kwa njia ya redio.

Njia hiyo ya redio ndiyo sehemu ninayoihofia katika kila mfumo wa kisasa, wa kampuni yoyote. Usiku wa tarehe 7 Aprili 2017, ving'ora 156 vya Dallas vililia karibu saa 6 kasoro dakika 20 na kuendelea kwa muda mrefu bila hatari yoyote kuwapo, kwa sababu mtu asiyehusika alituma ishara iliyoviwasha. San Francisco nayo ilivizima vyake 119, vilivyokuwa vikijaribiwa kila Jumanne saa 6 mchana, mwezi Desemba 2019 kwa ajili ya kurekebisha usalama wake. Mnunuzi wa 2001-130 asikubali kufunga nguzo hata moja kabla ya kuhakikishiwa kwamba amri zake zimefichwa kwa msimbo.

Mshindani wake wa kweli leo ni king'ora cha kielektroniki, kama vile Modulator wa kampuni hiyohiyo, unaoonekana kama sahani zilizopangwa juu ya nguzo, au minara ya spika ya Whelen, kampuni nyingine ya Marekani. Hivi havina gurudumu wala mzunguko, hutoa sauti pande zote kwa wakati mmoja, na vinaweza kusema. Uwezo wa kusema una thamani kubwa katika bandari, kiwandani au ufukweni, ambako watu wako karibu na nguzo. Mjini, maneno hugonga kuta na kurudi yakiwa yamepishana, na anayesikia nguzo mbili kwa mpigo hubaki na mvurugano. Kwa eneo kubwa la makazi ningechagua 2001-130, kisha niweke vya kusema kwenye viwanja vya michezo na fukwe peke yake.

Anayetaka kukisikia mwenyewe afuate ratiba ya majaribio: Chicago ni Jumanne ya kwanza ya mwezi saa 4 asubuhi, Uholanzi ni Jumatatu ya kwanza saa 6 mchana, na Ufaransa ni Jumatano ya kwanza saa 6 mchana. Asisimame chini ya nguzo, kwa kuwa sauti ya desibeli 120 inaumiza masikio, na ya mtoto hasa. Mahali pazuri ni pale ambapo nguzo mbili ziko mbali kwa umbali unaokaribiana. Mota zake hazizunguki kwa kasi iliyo sawa kabisa, kwa hiyo milio yake hupishana kidogo na kuzaa mapigo ya polepole hewani, na kwa mapigo hayo sikio lililozoea hutambua kama moja kati ya hizo mbili imeanza kuchoka.