Mizani ya jikoni: ipi ununue kwanza kama unaoka nyumbani

Kama unaoka keki au mikate, nunua mizani kabla ya kuwaza oveni mpya. Kikombe cha unga uliojazwa taratibu kwa kijiko huwa na gramu kama 120. Chota kikombe hichohicho moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, ushindilie, na utafika 150 au zaidi. Kwenye keki ya vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya karibu gramu 90, ndiyo maana leo inachambuka vizuri na kesho inatoka kavu, na mwokaji anaapa hakubadilisha kitu. Vikombe vyenyewe navyo havilingani: cha Kimarekani ni mililita 237 hivi, cha kimetriki ni 250.

Ukiwa dukani, geuza mizani usome maandishi ya chini au ya pembeni. Mara nyingi utakuta kitu kama "Max 5 kg, d = 1 g". Max ni uzito wa mwisho inaopima, d ni hatua ndogo kabisa inayoonyesha. Hatua ndogo haimaanishi usahihi: mizani inaweza kuhesabu gramu mojamoja na bado ikazidisha gramu 8 kila unapopima. Gawanya Max kwa d. Hapo unapata hatua 5,000, jambo la kuaminika. Hata mizani za biashara za daraja la III, zile za kwenye maduka ya vyakula, hazivuki hatua 10,000. Kwa hiyo mizani ya bei ya chini inayodai kilo 10 kwa hatua ya gramu 0.1, yaani hatua 100,000, iache. Desimali zile hazina maana.

1. Ya dijitali, bapa, kilo 5 kwa gramu 1. Hii ndiyo ya kwanza kwa nyumba nyingi. Hakikisha ina kitufe cha kurudisha sifuri bakuli likiwa juu, ili umimine unga, sukari na maziwa humohumo. Chagua inayotumia betri za kawaida zinazopatikana duka lolote la mtaani.

2. Ndogo ya mfukoni, gramu 200 kwa 0.01. Ni ya kusindikiza ile ya kwanza, haichukui nafasi yake. Kijiko cha chai cha hamira ya papo kwa papo ni gramu 3 hivi. Kwenye mizani ya gramu 1, kule kukadiria nusu gramu tu ni kosa la moja ya sita ya hamira yote, ilhali kwa nusu kilo ya unga nusu gramu si kitu. Tena mizani kubwa nyingi hazitambui unachonyunyiza kidogokidogo. Kama huokei mikate, vijiko vya kupimia vya mililita 5 na 15 vinatosha.

3. Ya springi yenye mshale. Haihitaji betri, inadumu, na inafaa kupima unga kwa kilo. Ila hatua zake huwa gramu 20 au zaidi, na ukiusoma mshale kwa pembeni unapata namba nyingine. Isome macho yakiwa usawa wa mshale.

4. Ya kuning'iniza yenye ndoano. Hiyo ni ya mizigo na magunia. Usiipeleke jikoni.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiwashe. Weka paketi moja katikati, halafu kwenye kila pembe, iinue na kuirudisha mara kadhaa. Namba ikiyumba zaidi ya gramu 2, omba nyingine. Kisha pima paketi mbili, moja moja, halafu kwa pamoja, uone kama jumla inakubaliana.

Na kama unauza kwa uzito, iwe karanga au biskuti za kilo, mizani ya jikoni haikubaliki kisheria. Tanzania utahitaji iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na Kenya vilevile mizani ya biashara lazima ihakikiwe na kugongwa muhuri.