Nauru na Tuvalu: nani alitunza chake?

Nchi hizi mbili za Bahari ya Pasifiki hazipishani sana kwa ukubwa: Nauru ni kisiwa kimoja cha kilomita za mraba 21, Tuvalu ni visiwa tisa vyenye jumla ya 26. Kila moja ina watu kama 11,000 hivi, na zote hutumia dola ya Australia.

Nauru ilipata uhuru 1968 ikiwa na utajiri wa fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, iliyokuwa ikichimbwa tangu 1907. Madini hukombwa katikati ya miamba ya chokaa. Yakiisha, hubaki nguzo za mawe zilizochongoka, hapalimiki wala hapajengeki. Ndiyo maana watu wamebanana pwani. Fedha nazo ziliwekezwa ovyo ughaibuni, zikayeyuka.

Tuvalu, huru tangu 1978, haikuwa na madini ya kufuja. Mwaka 1987 ilianzisha mfuko wa akiba na wafadhili wake, uamuzi wa busara kuliko wote. Hukodisha pia .tv, herufi za mwisho za anwani zake za intaneti. Adui wake ni chumvi: maji ya bahari hupenya chini kwa chini hadi kwenye mashimo ya pulaka, jamii ya magimbi, na kuozesha mizizi.

Zote mbili huuzia meli za kigeni siku za kuvua jodari. Samaki hao hufuata maji ya joto, kwa hiyo mapato hayatabiriki.