DhowCSD: nyota 4, na nyota moja nimeibakisha kwa sababu ya Ghana

Kama una elfu 50 imelala tu benki, soma hii. DhowCSD ni mfumo wa Benki Kuu ya Kenya ulioanza 2023, unanunua bili na bondi za serikali (yaani unaikopesha serikali, bili kwa muda mfupi, bondi kwa miaka) kwa simu bila kubeba fomu hadi Haile Selassie Avenue. Shida yangu ilikuwa benki yangu kuthibitisha akaunti, mara leta sahihi ingine mara meneja ametoka, lakini ukishapita hapo ni mteremko. Mtu mdogo achague ile ya kukubali riba ya wastani itakayotoka kwenye mnada, kutaja riba yako mwenyewe achia mabenki. Ukipita unapewa namba ya malipo, unalipa, riba ya bondi inaingia kila miezi 6.

Lakini kinachonifanya niipende sana ni kitu kingine. Dunia ikiyumba, pesa ya nje ndio hutoroka kwanza. 2009, baada ya Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, kuanguka na masoko ya nje kukauka, Kenya iliuza bondi yake ya kwanza ya miundombinu hapa hapa nyumbani, shilingi bilioni 18.5. Halafu mkumbuke mwanzo wa 2024, dola imefika karibu shilingi 160, Eurobondi (deni la serikali kwenye masoko ya nje) ya dola bilioni 2 inadaiwa Juni na kila mtu anauliza kama tunafuata Zambia, iliyoshindwa kulipa madeni yake. Februari serikali ikaomba shilingi bilioni 70 kwa bondi ingine ya miundombinu, zabuni zikaja zaidi ya bilioni 280, riba 18.46% bila kodi! Ni kweli wageni pia walinunua, na Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ilisaidia kulipa ile ya zamani, ila Wakenya wa kawaida walikuwa ndani pia na hiyo inanifurahisha hadi leo, shilingi ikarudi 130 hivi.

Sasa Ghana. Walipokwama 2022 walibadilisha masharti ya bondi za ndani, wazee wastaafu wakaandamana hadi wizara ya fedha Accra wakidai akiba yao. Kwa hivyo msidanganywe eti bondi ya serikali haina hatari, na huo mfumo ungefaa uandike hivyo wazi kabla mtu abonyeze kununua. Tena ukihitaji pesa mapema inabidi uuze sokoni, na kama riba imepanda utauza kwa hasara. Kama ni karo ya Januari chukua bili ya siku 91, uachane na bondi ya miaka 8.