Cherehani ya kukanyaga na nguo za mivumba: uzoefu wangu hapa Arua, Uganda

Nianze na jibu, maana najua wengi wanataka kujua kama pesa itoke au ibaki mfukoni. Ikiwa nia yako ni kujishonea na kugeuza nguo kuukuu ziwe za mtindo, ukiwa nyumbani kwako, nunua cherehani nyeusi ya chuma, ile ya kukanyaga kwa miguu. Vile vicherehani vyeupe vya plastiki vinavyotumia umeme au betri, waachie wanaoshona vitambaa vya mezani. Nimetumia vyote viwili na naongea kwa ushahidi.

Yangu ni Butterfly ya China, JA2-1. Niliinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na meza na kanyagio lake, kwa shilingi 380,000. Aliyeniuzia alikuwa mama mmoja anayeshona sare za shule, aliyekuwa anahamia cherehani ya kiwandani. Mume wangu alitaka nichukue mpya, nikamwambia chuma cha namna hii hakijui umri. Kichwa chake kimefuata muundo wa Singer 15, muundo wa tangu karne ya 19 ambao viwanda vya China, India na Japani vimeuiga kwa miaka mingi. Kwa mnunuzi wa Arua hilo lina faida moja kubwa: bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), kikasha chake, sindano na miguu ya kubania kitambaa vya chapa moja huingia kwenye chapa nyingine. Sijawahi kuagiza kipuri Kampala. Hapa sokoni napata kila kitu, tena kwa fundi anayekaa barazani na kopo la mafuta na bisibisi mbili tu.

Kile cha plastiki nilichokuwa nacho mwanzo sitakitaja jina. Kwa kitenge cha tabaka moja au mawili kilienda vizuri, nisikidhulumu. Tabu ilianza nilipokipeleka kwenye jinzi. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii: kugeuza nguo si sawa na kushona nguo mpya. Ukishona mpya, unakutana na kitambaa chako tu. Ukigeuza, unakutana na mishono ya watu wengine, pindo zao, viuno vyao vilivyotiwa kitambaa kigumu ndani, riveti za mifukoni. Chukua suruali ya jinzi ukitaka kuifupisha. Pale upindo unapopita juu ya mshono wa pembeni, sindano inatakiwa kutoboa matabaka mengi ya kitambaa kizito. Kile kicherehani kilinguruma, taa ikafifia, sindano ikasimama katikati. Ile nyeusi, nikiweka sindano namba 16 na kuzungusha gurudumu kwa mkono taratibu pale penye nundu, hupita. Nundu yenyewe naigonga kwanza kwa nyundo juu ya ubao ilainike. Majirani wamezoea sasa, zamani walidhani natengeneza viti.

Halafu kuna habari ya umeme. Waliokaa huku kwetu West Nile kabla ya laini kubwa ya Lira, Gulu na Nebbi kutufikia wanakumbuka maisha ya umeme wa saa kadhaa tu. Siku hizi hali ni afadhali sana, lakini mvua ikipiga bado unajiandaa. Cherehani ya kukanyaga haina habari na hayo. Ninachohitaji ni mwanga tu, na taa ndogo ya sola niliyoibana kwenye fremu ya dirisha inanitosha. Hili liandike kwenye hesabu yako: cherehani hizi hazina taa yake, na kitambaa cheusi usiku ni mateso bila mwanga wa karibu.

Malighafi yangu kubwa ni mivumba, yaani nguo za mitumba. Rais Museveni alitangaza kule Mbale mwaka 2023 kwamba nguo kuukuu za nje zipigwe marufuku, tukashika roho, lakini marobota bado yanafunguliwa na watu bado wanagombania. Kampala kuna mbunifu, Bobby Kolade, ambaye chapa yake ya BUZIGAHILL inachukua nguo hizohizo, inazikata, inazishona upya na kuziuza kwa watu wa Ulaya na Marekani zilikotoka. Mradi wake ameuita Return to Sender, yaani mzigo urudi kwa aliyeutuma. Mimi sitafuti wateja wa Ulaya, nataka tu nionekane mtu kwenye harusi. Lakini kumwona mtu akifanya hivyo kwa heshima zake kulinifanya niache kuona haya kusema gauni langu lilikuwa mashati mawili ya kiume.

Na mashati ya kiume ndiyo nayasifu kuliko kitu kingine chochote sokoni. Wanawake tunapanga foleni kwenye rundo la magauni, tunasukumana, na kule kwenye mashati makubwa ya XXL hakuna mtu. Shati moja la pamba nzito lina kitambaa cha kutosha blauzi nzima, na bei yake ni ndogo kwa sababu wanaume wengi wa huku hawana miili hiyo. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba kazi ngumu imeshafanywa. Cherehani hii inashona mshono mnyoofu tu, haitoboi matundu ya vifungo. Ukishona shati jipya, matundu utayafanya kwa mkono au umlipe mwenye mashine ya matundu. Ukichukua shati kuukuu, matundu yapo, vifungo vipo, kola imesimama. Kazi yako ni kutogusa sehemu ya mbele. Ndiyo maana nikiwa sokoni siangalii rangi kwanza. Naangalia nini kimeshamalizwa vizuri ambacho mimi nyumbani kingenitoa jasho: zipu, mifuko ya ndani, kiuno, bitana.

Namna ninavyofanya ni hivi. Shati linalowekwa kwenye maji, linafuliwa na kuanikwa kabla ya kuguswa na mkasi, kwa sababu pamba ikirudi baada ya kushonwa imekula kipimo chako. Kisha nafumua mikono kwa wembe, taratibu, nikikata uzi mmoja kila baada ya mishono mitatu minne na kuuvuta ule wa upande wa pili. Kitambaa cha mikono sikitupi. Nachukua blauzi yangu ninayoipenda, naitandaza juu ya gazeti kuukuu, naizungushia kalamu, naongeza sentimita moja na nusu za mshono, na hicho ndicho kiolezo changu. Gazeti napendelea lile la kurasa pana, mgongo mzima unaenea kwenye ukurasa uliokunjuliwa. Alama kwenye kitambaa cheusi naweka kwa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, kinachora vizuri kuliko chaki na kikifuliwa kinatoka. Kabla ya cherehani napiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, najaribu mbele ya kioo, nageuka, nainua mikono juu kama mtu anayeanika nguo. Kwapa likivuta, narudi nyuma. Hatua hii vijana wengi wanairuka kwa sababu kwenye video haionyeshwi, na ndiyo inayotofautisha nguo iliyokaa na nguo iliyokubali tu kuvaliwa.

Mikono ile iliyofumuliwa ndiyo inakuwa marinda ya chini, au inakuwa mkanda wa kufunga kiunoni. Ukitaka nguo ipendeze zaidi, changanya na kitenge. Sisi wa Arua tumebarikiwa hapo, maana vitenge vya Kongo vinavuka kutoka Ariwara na huhitaji kununua pisi nzima ya yadi 6. Wauzaji wengine hukubali kukata nusu, na kwa kazi ya kupambia hata vipande vya mafundi vinatosha. Angalia upande wa ndani kabla ya kulipa. Kitenge cha nta rangi yake imepenya, nyuma na mbele hutofautishi. Kile cha kuchapwa upande mmoja nyuma yake ni hafifu, na ukikitumia kwenye kola au kwenye pindo la kukunjwa nje, ule weupe utakuumbua. Kazi ninayosifiwa zaidi ni sketi ya jinzi: suruali iliyochakaa magotini, nimeifumua mshono wa ndani wa miguu yote, katikati nimetia pembetatu ndefu ya kitenge mbele na nyuma. Kiuno, zipu na mifuko sikuvigusa. Shangazi yangu, ambaye hasifu kitu bila kuuliza bei, aliniomba nimfanyie yeye na binti yake.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo na nyingine zinakera. Kwa kuwa hakuna mshono wa zigizaga, kingo za kitambaa zinachanika ukifua. Dawa yake ni mshono wa kufichwa: unashona kwanza pande nzuri zikiwa nje, unapunguza kingo, unageuza, unashona tena ndani ili nyuzi zote zifungwe. Unapendeza mno, ila unakula muda mara mbili, na kwenye jinzi haufai kabisa kwa unene. Nguo za jinzi nampelekea mwenye mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo, pale sokoni, namlipa kwa mshono, namaliza. Vitambaa vinavyovutika kama fulana na vitopu usivipeleke kwenye cherehani hii ukategemea miujiza. Mshono mnyoofu hauvutiki, kwa hiyo nguo ikinyooka uzi unakatika. Sindano ya ncha ya mviringo inasaidia isiruke mishono, lakini kukatika kutabaki palepale.

Ni nzito. Kichwa peke yake ni chuma kitupu, na meza inataka kona yake maalumu. Anayekaa chumba kimoja na watoto afikirie mara mbili, tena awe na ratili ya uvumilivu, kwa sababu mtoto akiona kile kanyagio hatakiacha, na vidole vyake vitafuata mkanda. Mimi mkanda wa ngozi nauvua kwenye gurudumu kila ninapoinuka. Mkanda huohuo ukilegea, gurudumu linazunguka bila kushika. Unakata kipande kidogo, unatoboa, unaunganisha tena kwa kile kikulabu cha chuma. Dakika chache. Magoti yatakuuma wiki za mwanzo, baadaye miguu inapata mwendo wake na huifikirii tena. Kilichonichosha zaidi mwanzoni ni kuzungusha gurudumu kwenda upande usiofaa: liangalie lizunguke kuja kwako kila mara, la sivyo uzi unakatika na kujifunga chini.

Kuhusu uzi kujifunga, nitoe hili kwa sababu kila anayenunua ananipigia simu kwa jambo hilo. Vifundo vikionekana upande wa chini wa kitambaa, tatizo liko juu: uzi haujaingia kati ya visahani vya kubania, au visahani vimelegea. Vikionekana juu, angalia bobini. Na sindano ikiwa imegeuzwa haitashona hata mshono mmoja, upande wake bapa lazima ukae panapotakiwa. Mafuta tia yale meupe mepesi ya cherehani, matone tu kwenye matundu yake. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuifanya ikwame, nimeona cherehani nzuri iliyouzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo tu.

Pasi nayo ihesabu. Fundi mzuri asiye na pasi utamjua kwa mishono iliyosimama. Natumia ya makaa, na kabla ya kugusa kitambaa cheupe naisugua juu ya jani bichi la mgomba, inateleza na masizi yanatoka. Kila mshono ukikamilika unapigwa pasi papo hapo kabla ya kuvukwa na mshono mwingine.

Kwa anayekwenda kununua iliyotumika: nenda na kipande cha jinzi na kipande cha kitenge chepesi mkobani. Muuzaji atakupa kitambaa chake cha kujaribia, kataa kwa adabu. Kunja jinzi iwe matabaka manne na ushone, kisha ushone kitenge bila kubadilisha chochote isipokuwa urefu wa mshono, uangalie kama mishono inaruka. Shika kile chuma kinachobeba sindano ukitikise, kikicheza kulia na kushoto, acha. Ning'iniza kikasha cha bobini kwa uzi wake: kisishuke chenyewe, lakini ukikirusha kidogo kishuke hatua moja. Angalia meno ya chini yanayosukuma kitambaa, yakiwa yamelika hadi kuwa laini, punguza bei au mwambie abadilishe. Meza ikiwa na nyufa si kitu, seremala yupo. Na siku hiyohiyo, kabla hujapanda boda na hilo chuma, nunua pakiti ya sindano namba 14 na nyingine ya 16, kwa sababu ile iliyomo ndani, nakuhakikishia, ni butu.